Mbolea ya Minyoo: Tandika Vizuri Kabla ya Kulisha

Maganda ya ndizi, majani ya kabichi na samadi, ambavyo katika maboma mengi ya Belgut, Bureti na Konoin huishia shimoni, vinaweza kulisha minyoo wekundu na kugeuka mbolea nyeusi isiyo na harufu mbaya. Mbolea hii haichukui nafasi ya NPK 26:5:5 kwenye majani chai, lakini hufaa sana sukuma, managu na miche ya kitaluni.

Minyoo wanaohitajika ni wale wekundu wa mbolea, si nyungunyungu wa shambani wanaochimba chini sana. Wakifa au kutoroka sandukuni, mara nyingi kosa liko kwenye tandiko au kwenye chakula kilichozidi.

Tandiko. Tumia nyasi kavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu ya mgomba au katoni zilizochanwa, kwa kina cha sentimita 15 hadi 20. Lowesha, kisha kamua konzi moja: yakitoka matone mawili matatu tu, unyevu unatosha. Epuka vumbi la mbao mbichi za mkaratusi au mbao zilizotiwa dawa.

Samadi. Samadi mbichi hupata joto na kuwaunguza minyoo. Irundike wiki 2 hadi 3 ipoe kwanza. Jihadhari pia na samadi ya ng'ombe aliyepewa dawa ya minyoo karibuni. Baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi na kuwaua minyoo wa mbolea. Itenge kwa angalau mwezi mmoja baada ya dawa, uipeleke shambani.

Chakula. Kilo 1 ya minyoo waliozoea sanduku hula takriban nusu kilo kwa siku. Wanaoanza wapewe robo kilo. Fukia chakula chini ya tandiko katika kona moja, na mara nyingine ubadilishe kona. Usiongeze mpaka cha awali kikaribie kuisha. Machicha ya chai ni mazuri, ila yaliyochemshwa na maziwa na sukari yaoshwe kwanza. Usiwape nyama, maziwa, mafuta, chumvi, pilipili, vitunguu wala ndimu. Ugali uliobaki huchacha na kuita panya. Majivu ya jikoni ni makali; badala yake, saga maganda ya mayai.

Sanduku likinuka au kupata joto, acha kulisha, pindua tandiko taratibu na uongeze nyasi kavu.

Mvua na siafu. Kwa kuwa mvua hunyesha karibu mwaka mzima, weka sanduku chini ya paa na utoboe matundu chini maji yasituame. Simamisha miguu ya sanduku ndani ya mikebe yenye maji ili siafu wasipande, na ufunike kwa wavu kuku wasichakure.

Kuvuna. Baada ya miezi 2 hadi 3, lisha upande mmoja tu kwa wiki 2. Minyoo wengi watahamia huko, nawe utachota mbolea upande wa pili. Weka konzi moja katika kila shimo la mche.

Kwa ushauri zaidi kuhusu minyoo na mbolea, wakazi wanaombwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao.