Kioo cha Kilometa Kinapozimika Katika Gari la Chama

Vyama vya msingi vingi hutumia magari yaliyokwisha kutumika, hasa yale yaliyotoka Japani. Katika magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990, hesabu ya kilometa huonyeshwa kwa kioo cha tarakimu chenye kutumia umeme. Kioo hicho kikizimika gari huendelea kwenda, lakini daftari la safari hukosa msingi wake. Katibu hawezi kulinganisha mafuta yaliyonunuliwa na mwendo uliokwenda, wala hajui wakati wa kubadili oili. Hapo ndipo mali ya wanachama inapoweza kupotea bila kuonekana.

Mara nyingi chama hushauriwa kununua dashibodi nyingine iliyotumika. Ushauri huo yafaa upokewe kwa hadhari. Katika magari mengi ya namna hiyo kilometa huhifadhiwa ndani ya dashibodi yenyewe. Kioo kikizimika hesabu haipotei. Dashibodi ya gari jingine, kinyume chake, huja na kilometa za gari jingine. Kabla ya kutoa fedha, mambo yafuatayo yachunguzwe kwa utaratibu:

1. Fyuzi. Iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zile zile. Ikikatika tena, hitilafu itafutwe katika nyaya. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ni kukaribisha moto.

2. Nguvu ya umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha kiasi cha volti 12.6. Injini ikiunguruma, kipimo huwa kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukipungua mno, tarakimu hufifia au huchezacheza.

3. Waya wa ethi. Mahali unaposhikana na bodi ya gari pasafishwe kutu kwa msasa, na skrubu ikazwe.

4. Taa. Kioo kimulikwe kwa tochi. Tarakimu zikionekana kwa mbali, huenda kilichokufa ni taa ya nyuma yake tu.

5. Lehemu. Kioo kinachowaka gari likipata joto na kuzimika likipoa, au kinachorudi dashibodi ikigongwa, mara nyingi kina lehemu iliyopata ufa kwa mtikisiko wa miaka mingi. Fundi wa redio aliye hodari aweza kuilehemu upya. Kama ni vipande tu vya tarakimu vinavyokosekana, utepe wa nyaya unaounganisha kioo na mitambo yake huenda umeachia.

Kabla ya kufungua dashibodi, waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza.

Wakati matengenezo yakingojewa, daftari lisiachwe tupu. Katibu aandike tarehe na kilometa za mwisho zilizoonekana. Kila safari iandikwe kwa umbali unaojulikana, kama vile kutoka ghala la chama hadi mjini, na tangi lijazwe kabisa kila mafuta yanunuliwapo ili matumizi yakadiriwe.

Ikibidi dashibodi ibadilishwe, kilometa za ile ya zamani, kama zinasomeka, na za ile mpya ziandikwe pamoja siku hiyo hiyo, na dereva, katibu na mwenyekiti watie sahihi. Mkaguzi atakapofika, maandishi hayo ndiyo yatakayomlinda dereva mwaminifu na kuilinda fedha ya wanachama.