Skrini ya bluu? Usikubali kufomatiwa mashine kabla ya kusoma hii

Tuseme uko saiba pale Likoni, unaskani kitambulisho cha maombi ya HELB. Unafunga programu ya skana, halafu pap! Skrini yote bluu, na maandishi haya: PROCESS_HAS_LOCKED_PAGES. Wa kiti cha pili atakwambia ni virusi. Fundi naye atasema dawa ni kufomati. Ngoja kwanza, usitoe pesa.

Hilo jina refu lenyewe linakuonyesha shida iko wapi. Kompyuta hugawa kumbukumbu yake, ile ramu, katika vipande vidogo viitwavyo kurasa. Kwenye mashine zetu nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096, kwa hivyo ramu ya GB 4 ina kurasa zaidi ya milioni moja. Mgawaji ni kerneli, kiini cha mfumo. Ndiyo huamua programu gani ikae wapi, na ramu ikibana huhamishia kurasa zingine kwenye diski.

Sasa, data inayotoka kwenye kifaa mara nyingi humwagwa moja kwa moja kwenye ramu. Ukurasa ukihamishwa katikati ya kazi, data itaangukia pasipo pake. Ndiyo maana draiva, ile programu inayoongea na kifaa, huomba kurasa hizo zifungwe zisihame. Kazi ikiisha, ni lazima izifungue.

Wewe mvukaji wa feri utaelewa haraka. Magari yakipanda, mlango uko chini na feri haitoki. Wakishapanda wote, lazima mtu auinue. Akisahau, safari haipo, hata kama injini ni nzima.

Draiva mbovu ndiyo huyo msahaulifu. Au hufanya kinyume: inafungua ukurasa ambao tayari ulishafunguliwa, hesabu inavurugika. Programu inapofungwa, Windows inataka kurasa zake zirudi, inakuta zingine bado zimefungwa. Ikizigawa hivyo hivyo, kifaa kinaweza kuandika juu ya kazi nyingine, uharibike bila kujua. Basi inaona heri isimame. Ile bluu ni breki.

Kwa hivyo kufomati kunaweza kukufutia picha na CV zako, kisha draiva ile ile ikirudishwa, shida nayo inarudi. Fanya hivi badala yake. Piga skrini picha na simu. Jiulize ni printa, skana au kifaa gani kiliongezwa karibuni. Toa draiva yake, uweke mpya kutoka kwa tovuti ya aliyetengeneza kifaa.

Ikigoma bado, mwambie fundi aende kwenye rejista ya Windows, sehemu ya Memory Management, aweke TrackLockedPages iwe 1, kisha awashe mashine upya. Kosa likijirudia, msimbo utabadilika kutoka 0x76 kuwa 0xCB, na hapo Windows inaweza kumtaja mkosaji: jina la draiva iliyoacha kurasa zimefungwa.

Fundi anayejua kazi hataudhika ukimuuliza, "Msimbo unasema nini?" Anayekimbilia kufomati kabla hajausoma, beba mashine yako uende zako. Kuanzia Changamwe hadi Kisauni, mafundi hawajaisha.