Mbwa Mwoga na Dawa ya Sikio

Mbwa aliyekulia mtaani anajua maana ya mtu kuinama. Kwake, anayeinama anaokota jiwe. Hata akishachukuliwa, akapewa jina, akachanjwa na kuzoea kulala barazani, ukiinama ghafla karibu naye utamwona anatimka. Sasa mbwa huyo aanze kutikisa kichwa, kujikuna na kunuka sikio. Daktari anakuandikia dawa ya matone, mara mbili kwa siku, pengine kwa siku 7 hadi 14. Ili kumtilia, inabidi umwinamie, umkamate kichwa, uinue mkono na uguse mahali panapouma. Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo, hapa ndipo ninapoona matibabu mengi ya masikio yakikwama. Ugonjwa umetambuliwa vizuri na dawa ni nzuri, lakini haifiki sikioni.

Tundu la sikio la mbwa lina kona. Hushuka wima, kisha hugeuka kuelekea ndani hadi kwenye kiwambo, mfano wa herufi L. Nta, joto na unyevu hukaa humo bila kupata pa kutokea. Fangasi aina ya hamira, Malassezia, pamoja na bakteria jamii ya Staphylococcus, huishi kwenye ngozi ya mbwa mzima bila kumdhuru. Huzaana kupita kiasi pale sikio linapovimba kwa sababu nyingine: mzio, kupe, mbegu ya nyasi iliyojichomeka ndani, au utitiri wa masikio, ambao huacha uchafu mweusi mkavu kama makapi ya kahawa. Kila kimoja kina tiba yake, na kwa macho matupu huwezi kuvitofautisha kwa uhakika. Daktari anatakiwa achukue uchafu kidogo na kuutazama kwa hadubini.

Anatakiwa pia akague kiwambo. Kikiwa kimetoboka, dawa zenye gentamisini au klorheksidini zinaweza kupenya hadi sikio la ndani na kumwacha mbwa kiziwi au akiyumba. Kwa hiyo usitumie kichupa kilichobaki kwa jirani, wala siki, spiriti au mafuta ya taa. Vijiti vya pamba navyo viache kabisa, maana husukuma uchafu ndani zaidi ya ile kona.

Wapo wenzangu wanaomkabidhi mwenye mbwa dawa na kumwambia, “Mshikeni kwa nguvu, atazoea.” Mimi sikubaliani nao. Watu watatu wanaweza kumgandamiza mbwa leo, na kesho labda. Keshokutwa akisikia tu kabati la dawa likifunguliwa, yuko chini ya gari, na anayemfuata huko anang’atwa. Dozi inaishia njiani. Sikio linalotibiwa nusu nusu mara kwa mara huja kukaliwa na vimelea sugu, hasa Pseudomonas. Ngozi ya tundu huwa nene, njia huziba, na mwisho wa safari hiyo ni upasuaji wa kuondoa tundu lote. Hofu ya mbwa inastahili kuandikwa kwenye faili lake pamoja na ugonjwa wenyewe, na kupangiwa tiba.

Tiba hiyo huanza na maumivu. Hakuna mafunzo yatakayomfanya mnyama afurahie kuguswa kidonda kibichi. Mwombe daktari atulize uvimbe kwanza. Mara nyingi vidonge vya steroidi kwa siku chache hufungua njia iliyoziba. Mbwa atakunywa maji na kukojoa kuliko kawaida, na vidonge hivyo visichanganywe na dawa nyingine ya maumivu bila ushauri. Sikio lililojaa usaha lisafishwe mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Uliza pia kama ipo dawa nzito ya kukaa muda mrefu, inayowekwa na daktari mwenyewe na kuendelea kufanya kazi sikioni kwa wiki kadhaa. Haipatikani kila mahali na bei yake ni kubwa, ila kwa mbwa mwenye hofu kali ningeitafuta kabla ya kitu kingine chochote. Safari ya kwenda kliniki ikimtia kiwewe, kuna vidonge vya kutuliza, kama gabapentini au trazodoni, ambavyo daktari anaweza kumpangia anywe saa chache kabla.

Muda huo ambao sikio halihitaji mkono wako ndio wa kumfundisha. Kaa chini, umpe ubavu, usimkodolee macho. Toa kichupa kitupu, kisha mpe kipande cha maini ya kuchemsha. Kichupa kikirudi mfukoni, maini yaishe. Mpangilio huo usiugeuze. Ukitanguliza maini ndipo utoe kichupa, mbwa atajifunza kwamba maini ni dalili ya balaa, na ataanza kuyakataa hata yakiwa bakulini. Dagaa au kuku vinafaa pia, bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa mbwa. Akishaanza kukitazama kichupa kwa matumaini, gusa bega, kisha shingo, kisha shina la sikio, kila mguso ukifuatwa na chakula. Dakika mbili zinatosha, kisha mwache aende zake.

Mkufunzi wa wanyama wa Uingereza, Chirag Patel, alibuni zoezi analoliita mchezo wa ndoo, na mimi nalipenda sana. Chakula kinawekwa kwenye chombo mahali mbwa anapokiona. Akikitazama chombo, unaendelea kumgusa na kumlipa. Akigeuza uso, unaacha papo hapo. Kwa mnyama ambaye maisha yake yote amekamatwa bila kuulizwa, uwezo wa kusema “ngoja” na kusikilizwa hubadilisha mengi.

Anasema “ngoja” kwa njia nyingine pia: analamba pua, anapiga miayo bila usingizi, anaonyesha weupe wa macho. Ishara ninayoihofia zaidi ni kuganda. Wengi huiita utulivu na kumsifu mbwa kwa kukubali, kumbe anayeganda huku mwili umekakamaa yuko hatua moja tu kabla ya kung’ata. Akiunguruma, usimgombeze. Ukimnyamazisha, siku nyingine atang’ata bila kutoa onyo.

Siku ya dawa yenyewe, ishike chupa kiganjani mpaka ipate uvuguvugu, kwa sababu tone la baridi humshtua na linaweza kumtia kizunguzungu. Inua sikio juu, tia matone mlangoni mwa tundu, sugua shina lake taratibu kwa nusu dakika, umlipe vizuri, kisha umwache ajitikise. Mlio wa mnyunyizo wa dawa ya kusafishia ukimtisha, lowesha bonge la pamba, libane mlangoni mwa sikio na ulitoe. Liwe kubwa kiasi cha kutozama ndani.

Kama amewahi kung’ata, mfundishe kwanza kuvaa kikapu cha mdomoni kwa njia ile ile ya chakula. Akikujeruhi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini mwetu, na wengi wa mbwa waliokulia mtaani hawana kadi ya chanjo tangu utotoni.

Harufu ikiisha, usiache dawa. Mara nyingi sikio huonekana limepona kabla vimelea havijaisha. Mrudishe kwa daktari atazame tena kwa hadubini, na kama chumba cha kliniki kinamtisha, omba achukuliwe kipimo akiwa garini au uani, wewe ukiwa na maini mkononi.