Kazi za Chuo Kikuu: Fahamu Anayeajiri

Mkazi anayetafuta kazi katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, hataipata katika ofisi ya wadi wala kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Chuo hicho, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ni taasisi ya serikali ya kitaifa na huajiri wafanyakazi wake chenyewe.

Si lazima uwe mhadhiri. Chuo kikubwa huhitaji pia mafundi wa maabara, wahudumu wa maktaba, makarani, madereva, wapishi na wafanyakazi wa shamba. Baadhi ya nafasi hizi huhitaji cheti au diploma, si shahada.

Kazi za utafiti ni tofauti kidogo. Wasaidizi wengi wa utafiti hulipwa kwa fedha za mradi. Mradi ukiisha, mkataba nao huisha. Kabla ya kutia sahihi, soma muda wa mkataba, mshahara na makato.

Tangazo likitoka, linganisha vyeti vyako na masharti yake, andika nambari ya nafasi unayoomba, na utume maombi kabla ya siku ya mwisho.

Kumbuka, kazi ya umma haiuzwi. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka uajiri uzingatie ushindani wa haki na ustahili. Ukiitishwa pesa ili “jina lako lipite”, usitoe. Piga ripoti kwa EACC au kituo cha polisi kilicho karibu nawe.