Nyanya za Madebe kwa Wakaao Mjini

Watu wengi wakaao Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya pwani husema ya kuwa hawawezi kulima, kwa sababu hawana shamba na vyumba vyao ni vya kupanga. Kwa nyanya neno hili si kweli. Mnyanya wataka udongo wa kujaza debe moja, jua la saa sita kwa siku, na mtu wa kuutazama. Afanyaye kazi ya ofisi juma zima aweza kuitengeneza minyanya yake Jumamosi alasiri na Jumapili, akapunga upepo uani pamoja na watoto wake.

Kwanza na afikiri majira. Wengi hupanda wakati wa kaskazi, wakidhani ya kuwa nyanya hupenda jua kali. Minyanya hiyo hunawiri, hutoa maua mengi, kisha maua huanguka yote. Sababu yake ni joto, hasa la usiku: likizidi digrii 24 hivi za sentigredi, chavua hudhoofika na ua halishiki tunda. Mwezi wa Julai usiku wa Dar es Salaam hushuka mpaka digrii 19 hivi. Basi mbegu na zitiwe kitaluni mwezi wa Mei, masika yakielekea kwisha, na miche iatikwe katikati ya Juni, ili maua yatoke katika kipupwe. Mavuno yataanza mwisho wa Agosti au Septemba.

Debe la lita 18 au ndoo ya plastiki ya lita 20 yatosha mche mmoja, wala si miwili. Litobolewe matundu kitakoni, liwekwe juu ya matofali ili maji yapite. Chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu kisitumike kamwe, hata kikioshwa mara saba. Changanya udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sawasawa sehemu moja, na vumbi la makumbi sehemu moja. Lakini makumbi yaliyofukiwa pwani yana chumvi. Yaoshwe kwa maji matamu mara nyingi, ama yaachwe. Usichukue udongo mahali ambapo minyanya, biringanya au viazi vya mviringo vilinyauka, maana ugonjwa wa mnyauko hukaa ardhini. Mche ufukiwe mpaka karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina lililofukiwa nalo hutoa mizizi.

Sasa twafika penye hasara kubwa ya wakulima wa Jumapili. Mtu humwagilia maji mengi siku ya mapumziko, kisha husahau mpaka Jumamosi. Udongo wa shambani waweza kuvumilia. Udongo wa debe hukauka kwa siku moja au mbili. Nyanya zikiwa changa, kitako cha tunda hugeuka cheusi na kuoza, na mwenyewe hukimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Dawa hiyo haifai kitu, maana huu si ukungu. Tunda limekosa chokaa, nayo chokaa huletwa na maji yapandayo toka mizizini. Maji yakikatika, chokaa haifiki. Dawa yake ni maji kila siku asubuhi, mpaka yatoke chini, na majani makavu yatandazwe juu ya udongo. Kazi hii ni ya dakika tano, hata mtoto wa shule aiweza, naye apewe kuwa zamu yake.

Jumapili asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, gonga kijiti cha mnyanya polepole kwa kidole. Chavua ya nyanya hutoka kwa kutikiswa. Wale nyuki weusi wakubwa watoboao mbao huifanya kazi hiyo kwa mvumo wao, nao wafaa kutazamwa na kuachwa salama. Minyanya mirefu, kama Moneymaker, ikatwe vichipukizi vya kwapani. Mifupi, kama Roma, isikatwe.

Tazama pia migongo ya majani. Tangu mwaka 2014 Tanzania ina mdudu aitwaye kantangaze, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Kiwavi wake hula ndani ya jani, akiacha madoa meupe kama karatasi, kisha huingia katika tunda. Mwenye shamba kubwa hutaabika sana naye. Mwenye madebe sita aweza kuyachuma majani hayo kwa mkono na kuyachoma moto siku ile ile.

Chuma nyanya zinapoanza kuwa nyekundu, uziweke ndani kivulini ziive. Kwa mbegu, chagua tunda la mche ulio bora, usiwe wa chotara; kamua mbegu pamoja na maji yake, ziache siku mbili au tatu zichachuke, zioshe, uzianike kivulini juu ya kitambaa.