Manyara, heshima zake na vijana wake (2): Ngao ikishatundikwa ukutani

Wiki iliyopita tuliishia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, Oktoba 14, 2023. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan aliongoza kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru, Mwenge uliowashwa Mtwara Aprili 1 na kuzunguka nchi nzima chini ya uongozi wa kijana Abdalla Shaib Kaim. Ilikuwa pia kilele cha Wiki ya Vijana na miaka 24 tangu Mwalimu Nyerere atutoke. Kwa mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na mara nyingi ukahesabiwa kuwa njia tu ya kwenda Dodoma au Singida, ile haikuwa heshima ndogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: barabara zilichongwa, kuta zikapakwa rangi, nyumba za wageni zikajaa.

Leo tuulize jambo ambalo risala hazigusi. Heshima ikishapokelewa, kwa kijana wa Babati, awe wa Bagara au Maisaka, inabaki nini?

Mambo yanavyokwenda kila mtu anayajua. Sherehe ikiisha, maturubai hukunjwa na viti vya plastiki hupakiwa kwenye fuso. Aliyepewa ngao au cheti hupiga picha na mgeni rasmi, picha hiyo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp siku mbili, kisha cheti chenye fremu hutundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Mwenye cheti hapigiwi simu tena na ofisi yoyote mpaka apatikane mgeni mwingine wa kuonyeshwa. Vijana wa halaiki hali yao ni ngumu zaidi. Popote Mwenge unapofikia kilele, wapo watoto na vijana waliofanya mazoezi juani wiki nyingi, wakajua kupanga mistari, kusikiliza filimbi, kugeuka kwa pamoja bila mmoja kubaki nyuma. Ukitaka kujua ugumu wa kukusanya vijana mia kadhaa na kuwatia nidhamu, waulize walimu wa michezo. Sasa hao wamekwisha kukusanywa, wana viongozi wao, wana majina yao kwenye daftari la mwalimu. Kesho yake wanaambiwa warudi nyumbani, fulana na kofia wabaki nazo. Mimi nauhesabu huo kuwa uharibifu wa mali ya umma, tena mbaya kuliko wa saruji iliyoganda stoo.

Haikuchukua muda mahitaji yakajitokeza. Siku 50 baada ya kilele kile, asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, katika mkoa huo huo, na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Rais, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari. Walikuja wanajeshi, walikuja watu wa Msalaba Mwekundu, na walikuja wananchi wa kawaida wenye majembe, makoleo na madumu ya maji. Desemba 5 dunia iliadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Siku hiyo Hanang watu walikuwa bado wanachimbua matope wakitafuta ndugu zao.

Hapana, simaanishi kwamba watoto wa halaiki wangepelekwa kuopoa maiti. Lakini katika maafa ya namna ile kuna kazi za kuchambua nguo za msaada, kuandikisha familia zilizopotezana, kugawa chakula kwa zamu, kukaa na watoto wenzao kambini. Kazi hizo zinahitaji watu waliokwisha kuzoea kupangwa. Daftari la majina lilikuwepo; tatizo ni kwamba lilikuwa daftari la sherehe.

Manyara haina upungufu wa watu wenye heshima zao. Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu anajulikana duniani kwa mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alipoanguka na kuumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, giza limeingia na watazamaji wengi wameondoka. Wanaomsimulia huishia hapo, kana kwamba alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Wachache wanakumbuka kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano kwa saa 2 na dakika 15. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na siku mbaya. Jina lake lilikuja kupewa taasisi ya kusaidia wanariadha chipukizi, na kwa maoni yangu huo ni mfano wa heshima iliyopewa kazi ya kufanya.

Mwingine ni Edward Loure wa Simanjiro. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, ambayo hutolewa kila mwaka kwa mtu mmoja kutoka kila kanda kubwa ya dunia. Yeye alikuwa wa kanda ya Afrika. Familia yake ni miongoni mwa zilizohamishwa mwaka 1970 ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, hifadhi ambayo watu wa Babati wanaiona ikianzia karibu na mlango wao. Kazi iliyompa tuzo haikuwa ya kupiga kelele. Akiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, alichukua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na kuisoma kwa jicho jipya. Hatimiliki ya kimila, ambayo wengi waliiona kuwa karatasi ya mtu mmoja na shamba lake, ilitumika kuipatia jamii nzima ardhi yake ya malisho. Zaidi ya ekari 200,000 zililindwa kwa njia hiyo. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati yao ya pamoja mwaka 2011, na mwaka 2019 jamii hiyo nayo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hapo Yaeda tusimame kidogo, maana pana somo kwa wanaopenda kuwahimiza vijana wajitolee. Msitu wa Wahadzabe huuza hewa ya ukaa. Kampuni na watu wa nchi za mbali hulipia miti isikatwe, na sehemu ya fedha hizo huwalipa vijana wa hapo hapo wanaozunguka porini kulinda mipaka na kuandika kila dalili ya uvamizi wanayoiona. Kijana aliyekulia porini anafanya kazi anayoijua kuliko ofisa yeyote, analipwa, na wazee wake wanajua fedha ilikotoka. Tuzo ilikuta kazi inaendelea, na siku ya pili kazi ikaendelea vilevile.

Mfano ulio karibu zaidi na Babati, na ambao nashangaa hautajwi majukwaani, hauna tuzo maarufu hata moja. Ni Duru-Haitemba.

Hiyo ni misitu ya miombo juu ya vilima, kiasi cha hekta 9,000, inayozungukwa na vijiji vinane, vikiwemo Ayasanda, Duru na Riroda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuifanya msitu wa hifadhi wa serikali. Mipaka ikaanza kupimwa. Wanakijiji walipoona alama, walifanya kile ambacho mtu yeyote hufanya akijua mali inaondoka mikononi mwake: walizidisha kukata. Mabwana misitu wakawa na magari machache na msitu mkubwa. Wananchi wakawa na mapanga na hasira. Kati ya mwaka 1994 na 1995 pande zote zikakubali kujaribu njia nyingine. Kila kijiji kikachukua kipande chake, kikachagua kamati ya misitu, kikatunga sheria ndogo, na kikateua walinzi kutoka miongoni mwa vijana wake.

Walinzi hao hawakulipwa mshahara. Hata hivyo hawakuachwa wafanye kazi ya bure. Kijiji kiliwasamehe msaragambo, yaani zile siku za kazi za pamoja za kuchimba mtaro, kubeba mawe ya shule au kukarabati barabara, na pale walipokamata mhalifu walikuwa na sehemu yao katika faini. Kijana aliyekuwa kwenye doria alijua kwamba jirani yake anabeba mawe kwa niaba yake, na jirani alijua kwamba huyu analinda chemchemi kwa niaba yake. Uchomaji mkaa ulipigwa marufuku, mifugo ikawekewa utaratibu, waliokuwa wamefungua mashamba ndani ya msitu wakatoka. Msitu ulianza kurudi. Singida wakaiga katika msitu wa Mgori, ulio mkubwa mara nyingi zaidi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaipa nchi nzima utaratibu wa misitu ya hifadhi ya vijiji. Wasomi wa mambo ya misitu kutoka Ulaya hadi Asia wameandika juu ya Duru-Haitemba kwa miaka mingi. Mwenge ulipofika Babati mwaka 2023 ujumbe wake ulikuwa utunzaji wa mazingira na vyanzo vya maji. Ujumbe huo ulikuwa na wenyewe hapo hapo, waliokwisha kuufanyia kazi tangu karibu miaka 30 kabla yake.

Nimerefusha habari ya Duru-Haitemba kwa sababu inatupa kipimo cha kujitolea kwa haki, na siku hizi tunakihitaji. Mijini na vijijini kuna vijana wenye vyeti vya ualimu na uuguzi wanaofanya kazi miaka miwili, mitatu, bila malipo, wakitumaini jina litatoka ajira zikitangazwa. Wanaamka saa kumi na moja, wanajilipia bodaboda, wanafundisha vipindi kama wenzao, na mwisho wa mwezi mwenye mshahara ndiye huwakopesha nauli. Sitaki kuipamba hali hiyo. Huyo ni mfanyakazi asiyelipwa, na kumpa cheti cha shukrani siku ya sherehe ni kumwongezea karatasi. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Huyu anacheza kwao na tunampigia makofi tu.

Kwa hiyo kabla ya kumwita kijana, halmashauri ijibu maswali matatu aliyoyajibu mwanakijiji wa Ayasanda bila kwenda semina. Kazi hii ina mwisho lini? Nani anabeba mzigo wangu nikiwa huku? Nikimaliza nina nini mkononi? Nauli na mlo wa mchana si posho ya anasa. Barua yenye muhuri inayotaja kazi aliyoifanya, kwa muda gani na chini ya nani, ina thamani kubwa kuliko fulana yenye picha, maana ataipeleka kwa mwajiri.

Wenye heshima nao wanaingia hapo. Napendekeza, na najua wapo watakaonipinga, kwamba kila ngao, cheti au tuzo inayotolewa na mkoa au halmashauri zake iambatane na mwaka mmoja wa kazi na vijana. Mkulima bora wa Magugu apewe vijana watano wa kukaa nao msimu mmoja wa mpunga. Mkimbiaji aliyerudi na medali apewe shule mbili za kata na saa yake ya Jumamosi. Mjumbe wa kamati ya misitu aliyezeeka apewe klabu ya mazingira, apande nao kilimani, awaonyeshe mpaka uko wapi na uligombewa vipi. Gharama zilipwe na aliyetoa heshima. Asiyetaka mzigo huo aruhusiwe kukataa ngao, wala asichukiwe. Nadhani tutaona orodha za watunukiwa zikipungua urefu, na mimi sitasikitika.

Kuna anayesema wazee wetu wamechoka, waachwe wapumzike na heshima zao. Hoja hiyo ina uzito kwa mgonjwa. Kwa wengine, uzoefu wangu wa kuzungumza nao ni kwamba kinachowachosha ni kukaa bila kuulizwa. Wako tayari kusimulia mpaka jua lizame. Wasikilizaji ndio hawaletwi.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo sheria inaitenga kwa mikopo ya vikundi vya vijana, na kama kikundi chenye rekodi ya kujitolea kinastahili kutangulizwa kwenye foleni. Kabla ya hapo nina ombi kwa msomaji wa Babati ambaye ukutani kwake kuna cheti au ngao: usisubiri barua ya mkuu wa wilaya. Nenda shule ya kata iliyo karibu nawe, muulize mkuu wa shule klabu za wanafunzi zinakutana siku gani, na uombe nusu saa.