Wakili wa Ajali: Hesabu ya Kinachofika Mkononi

Chukua watu wawili wa Mtito Andei. Mmoja anauawa na ndovu aliyetoka Tsavo. Mwingine anagongwa na lori kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, kilomita moja kutoka hapo. Kwa kifo cha kwanza, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaitengea familia shilingi milioni 5, na haiulizi nani alikosea. Kwa kifo cha pili, sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalibana shirika la bima lilipe hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, na hilo ni baada ya familia kuonyesha mahakamani kwamba dereva alizembea. Tofauti ni shilingi milioni 2, na haihusiani hata kidogo na thamani ya marehemu.

Naanza hapo kwa sababu swali la kama umwajiri wakili au usimwajiri huulizwa Kitui na Makueni kana kwamba lina jibu moja. Kuna njia tatu za kudai fidia ya majeraha, na kila moja ina bei yake. Neno wakili hapa lina maana ya mtu aliyesajiliwa na mwenye leseni ya mwaka huu. Broka anayekufuata wodini akiwa na fomu mkononi si wakili, na kumtafutia wakili wateja kwa malipo ni kosa chini ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Mawakili.

Njia ya wanyamapori ndiyo rahisi zaidi kwenye karatasi. Kifo ni shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, na jeraha jingine lolote ni hadi milioni 2 kulingana na ukubwa wake, mradi mnyama awe kwenye orodha ya sheria hiyo. Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya wanyamapori na fidia, likiambatana na fomu, ripoti ya polisi na karatasi za hospitali. Anayekujazia fomu hiyo kwa asilimia 30 ya malipo ya kifo anakudai shilingi milioni 1.5 kwa kazi ambayo chifu au karani anaweza kukuelekeza kwa asubuhi moja. Wala huyo wa asilimia 30 hawezi kuiharakisha Hazina ya Taifa, ambako ndiko malipo haya hukwama. Wakili anakuwa na kazi halisi pale kamati inapokataa dai, kwa kuwa rufaa huenda kwenye Baraza la Mazingira la Kitaifa ndani ya siku 30, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Njia ya pili ni ya mtu aliyeumia kazini, awe ni fundi kwenye ujenzi wa Bwawa la Thwake au mpakiaji mchanga. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007 inapima ulemavu kamili wa kudumu kwa mshahara wa miezi 96. Anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi ana kiwango cha juu cha shilingi 1,440,000, na daktari akiandika kwamba ulemavu wake ni asilimia 30, anastahili shilingi 432,000. Dai linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mahakama ya Juu iliamua mnamo Desemba 2019 kwamba kifungu kinachowazuia wafanyakazi kwenda kortini moja kwa moja ni halali, kwa hiyo wakili hawezi kukupa mlango wa mkato.

Kwa njia hii ya pili namba ya kubishaniwa ni moja tu, nayo ni ile asilimia ya daktari. Kwa mshahara huohuo wa shilingi 15,000, kila asilimia moja ni shilingi 14,400. Maoni ya daktari wa pili yakikugharimu shilingi 5,000 na kupandisha ulemavu kutoka asilimia 30 hadi 35, umeongeza shilingi 72,000. Kabla ya kumlipa wakili, hesabu kwanza kama daktari wa pili hatoshi.

Njia ya tatu, ya barabara, ndiyo yenye watu wengi na ndiyo yenye hesabu ngumu. Mahakama za Makindu, Kilungu, Makueni, Kitui, Mwingi na Mutomo zimezoea kesi hizi. Tuchukue mfano wa kubuni: abiria wa bodaboda amegongwa na matatu karibu na Emali, na shirika la bima limempa ofa ya shilingi 200,000 ili atie sahihi hati ya kumaliza madai. Akisaini, amemaliza. Swali lake si kama shilingi 200,000 ni haki. Swali ni hukumu ingepaswa kuwa ya shilingi ngapi ili kuikataa ofa kuwe na faida.

Kuna kiasi kinachotajwa sana katika makubaliano ya mdomo, nacho ni asilimia 30 kwa wakili. Tukiikubali kwa sasa, mdai anabaki na asilimia 70 ya hukumu, na ili abaki na shilingi 200,000 zilezile hukumu lazima ifike shilingi 285,714. Bado hajatoa hata nauli.

Sasa weka gharama. Ripoti ya daktari, tuseme shilingi 5,000. Utafutaji wa mmiliki wa gari kwenye rekodi za Mamlaka ya Usafiri na Usalama, shilingi 550. Daktari kufika kortini kutoa ushahidi, tuseme 8,000. Safari sita za mdai kwa shilingi 1,000 kila moja, 6,000. Jumla ni shilingi 19,550. Baadhi hurudishwa kama hasara maalumu, lakini hasara maalumu hutakiwa iandikwe kwenye dai na ithibitishwe kwa risiti, na ni wangapi wanaotunza risiti ya bodaboda iliyowapeleka hospitali? Nimezihesabu zote kama pesa iliyokwenda. Hukumu inayohitajika sasa ni shilingi 313,643.

Muda nao una bei. Benki Kuu ya Kenya inalenga mfumuko wa bei wa kati ya asilimia 2.5 na 7.5, na katikati yake ni asilimia 5. Kesi ikichukua miaka 3, shilingi 200,000 za leo zinalingana na 231,525 za wakati huo. Hukumu inayohitajika inapanda hadi shilingi 358,679. Anayedaiwa karo muhula huu ataona kwamba hata asilimia 5 ni ndogo, kwa sababu mkopeshaji wake hatozi asilimia 5.

Kuna na lawama ya kugawana. Mahakama ikiona kwamba mdai alichangia ajali, kwa mfano alipanda bodaboda wakiwa watatu au bila kofia, hupunguza fidia. Punguzo la asilimia 20 si la ajabu. Tukiliingiza, fidia kabla ya punguzo lazima iwe shilingi 448,348, yaani mara 2.24 ya ofa aliyokataa.

Namba hiyo ndiyo ya kupimia jeraha. Majeraha ya nyama tu, bila mfupa kuvunjika, hayafiki shilingi 448,348 katika hukumu za kawaida. Mengi huishia kati ya 100,000 na 200,000 au juu kidogo. Mwenye michubuko na maumivu ya mgongo aliyepewa ofa ya 200,000 hana hesabu ya kwenda kortini. Muundi uliovunjika ni kisa kingine, kwani fidia ya shilingi 400,000 hadi 700,000 hukutwa mara nyingi, na mahakama hulinganisha jeraha na hukumu zilizotangulia za majeraha yanayofanana. Hapo ofa ya 200,000 ni ndogo hata baada ya makato yote, na kazi ya wakili ya kuzitafuta hukumu hizo inalipa.

Nimekubali asilimia 30 bila kuihoji. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinabatilisha makubaliano ambayo wakili analipwa iwapo tu kesi itashinda, na pia yale ambayo ananunua sehemu ya dai la mteja. Kwa upande mwingine, kifungu cha 36 kinamkataza kutoza chini ya viwango vilivyowekwa katika Amri ya Malipo ya Mawakili. Hawezi kusubiri ushindi, hawezi kushusha bei. Kati ya makatazo hayo mawili kuna kifungu cha 45, kinachoruhusu makubaliano ya maandishi ya kiasi maalumu yaliyosainiwa na mteja. Mteja asiye na akiba huona asilimia 30 ni msaada, na ninaelewa kwa nini. Ila asilimia isiyoandikwa ni namba ambayo mmoja kati ya wawili anaweza kuikumbuka vingine.

Kingine ambacho mteja haambiwi sana ni kwamba aliyeshindwa huamriwa kulipa gharama za kesi za mshindi, juu ya fidia. Wakili akikubali kwamba gharama hizo ndizo ada yake na hatagusa fidia, hesabu ya mfano wetu inageuka. Kwa muda uleule, gharama zilezile na punguzo lilelile la asilimia 20, fidia inayohitajika inashuka kutoka shilingi 448,348 hadi 313,844. Tofauti ya shilingi 134,504 imetokana na sentensi moja ya mkataba. Jeraha halijabadilika, wala hakimu. Ukitaka kujua kama wakili fulani anakufaa, muulize kwanza gharama zitakazolipwa na upande wa pili zitakwenda kwa nani. Akichukua hizo na asilimia 30 pia, amelipwa mara mbili.

Na ukishindwa, agizo lilelile la gharama linakugeukia wewe. Ofa ya bima haina hatari hiyo.

Kwa madai madogo kuna Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, yenye mamlaka hadi shilingi milioni 1. Sheria yake inataja fidia ya majeraha, inamtaka mhusika ajitokeze mwenyewe, na inalenga kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa siku 60 badala ya miaka 3, lile ongezeko la mfumuko wa bei karibu linafutika. Udhaifu ni kwamba shirika la bima halitaleta mtu asiyejua sheria, na mdai atalazimika kumhoji dereva yeye mwenyewe. Swali la nani alikosea likiwa halina utata, kwa mfano dereva amekwisha kupatikana na hatia ya trafiki, mdai anaweza kujaribu. Likiwa na utata, akiba ya ada inaweza kumgharimu dai zima.

Kifo kinahesabiwa tofauti. Mahakama huchukua mapato ya mwezi, huyazidisha kwa 12, kisha kwa miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi, halafu kwa sehemu aliyoitumia kwa familia, mara nyingi theluthi mbili. Mchuuzi wa maembe wa Wote aliyepata shilingi 15,000, kwa miaka 20, anatoa shilingi 2,400,000. Mwalimu wa shilingi 45,000 kwa miaka hiyohiyo anatoa 7,200,000. La kwanza liko ndani ya kikomo cha bima cha milioni 3. La pili linakizidi kwa milioni 4.2, na hizo zinadaiwa kwa mwenye gari binafsi. Familia ya mwalimu inahitaji wakili wa kufuatilia mali ya mwenye gari. Familia ya mchuuzi inahitaji zaidi mtu wa kuthibitisha zile 15,000, kwa sababu biashara ya kando ya barabara haina hati ya mshahara.

Kalenda haijali yote haya. Dai la uzembe lina miaka 3; dai dhidi ya Serikali, kama gari lililokugonga ni lake, lina miezi 12. Basi lililozama katika Mto Enziu, Mwingi, tarehe 4 Desemba 2021 liliua watu zaidi ya 30. Kwa kipimo cha miaka 3, dai la uzembe kuhusu siku hiyo lilipaswa kufunguliwa kabla ya wiki ya kwanza ya Desemba 2024 kwisha. Anayejadiliana na bima kwa barua kwa miaka 2 na miezi 11 anapoteza nguvu ya kujadiliana kila mwezi, na upande wa pili unajua kuhesabu miezi.

Imebaki dhana moja ambayo mahesabu yote hapo juu yameibeba kimyakimya: kwamba shirika la bima litakuwepo siku ya malipo. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield 2011, na Invesco, iliyokatia matatu nyingi bima, ikaingia katika ufilisi 2024. Shirika likianguka, Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima hulipa hadi shilingi 250,000 kwa dai. Tuseme hukumu ilikuwa shilingi 900,000 na mkataba wako na wakili unasema asilimia 30 ya fedha zilizopokelewa: anachukua 75,000, unabaki na 175,000. Kama umeandikwa asilimia 30 ya fedha zilizoamuliwa, ada ni shilingi 270,000, umepokea 250,000, na kwa karatasi hiyo unadaiwa 20,000.